Kuongoza kundi la watazama ndege Bukavu, mwezi wa tatu na wa nne

Kwa wewe unayeanza kazi hii: mwezi wa tatu ndio utakaokupima. Baridi ya Ulaya inaisha, na ndege wadogo waliofika kwetu tangu mwezi wa tisa na wa kumi wanarudi kaskazini kujenga viota. Katikati ya mwezi wa nne wengi wao wameshapita. Mgeni wako amekuja kumwona ndege wa gramu tisa aliyezama ndani ya majani, na kesho mti huo unaweza kuwa mtupu. Majina utayajua kidogo kidogo. Kinachokulisha ni kuweza kuwaonyesha watu wanane ndege mmoja kabla hajahama tawi.

Anza na saa. Ndege wadogo wa safari wengi huruka usiku na kushuka alfajiri, na wakishuka wanatafuta chakula kwanza. Bukavu jua huchomoza karibu na saa kumi na mbili. Wakati huo kundi liwe limeshasimama mahali pake, siyo linatafuta moto (pikipiki) ya kupanda. Ahadi ya kukutana iwe saa kumi na mbili kasorobo, na kwenye ujumbe andika 5:45 ili asiyehesabu saa kwa Kiswahili asipotee. Saa tatu na nusu ikifika, jua likiwa kali, wengi wananyamaza na kuingia ndani ya majani. Rudisha watu wakanywe chai. Usiahirishe safari kwa sababu mvua ilinyesha usiku. Mvua ya usiku huwashusha ndege waliokuwa angani, na asubuhi yake miti hujaa. Inayoharibu safari ni mvua ya asubuhi.

Pili, usitembee sana. Kosa la karibu kila mwongozaji mpya ni kudhani kwamba wageni watafurahi wakizungushwa mbali. Ndege wa safari hana kiota hapa. Yupo penye wadudu, basi. Tafuta penye wadudu, usimame hapo dakika ishirini hadi thelathini. Kilomita mbili kwa asubuhi nzima zinatosha. Miti mikubwa ya bustani za rasi za mjini, upande unaopata jua la kwanza, ni mahali pazuri pa kuanzia. Matete ya kandokando ya Ziwa Kivu yana ndege wa kahawia wanaosikika zaidi kuliko kuonekana, na hapo uvumilivu ni mara mbili. Mabonde yenye majimaji upande wa mji mdogo wa Miti, kaskazini mwa Bukavu, palipo na ng'ombe, ndipo kwa ndege wa manjano anayetikisa mkia, kwa jina la kitaalamu Motacilla flava: hufuata kwato na kula wadudu wanaoshtuliwa. Mwezi wa tatu madume wanamaliza kubadilisha manyoya, kwa hiyo katika kundi moja utaona kichwa cha kijivu, kingine karibu cheusi, kingine cha manjano tupu. Waambie wageni mapema kwamba hao wote ni aina moja, maana wataanza kubishana.

Na kumbikumbi wakitoka baada ya mvua, acha mpango wote uliopanga. Simama hapo hapo. Mbayuwayu na barawai watakuja wenyewe juu ya vichwa vyenu, na mara nyingine keremba wa Ulaya, Merops apiaster, ambaye husikika kabla ya kuonekana kwa sauti laini kama filimbi yenye maji ndani.

Sasa namna ya kuonyesha, maana hapa ndipo safari nyingi huharibika. Vitabu vya wageni hufundisha kuutazama mti kama uso wa saa: kilele ni kumi na mbili, kulia ni tatu, kushoto ni tisa. Kwetu njia hiyo inaleta vurugu. Kwa anayesoma saa kwa Kiswahili, saa tatu ni pale mshale mfupi unapogusa 9, yaani kushoto. Anayesoma kwa Kifaransa anaitafuta kulia, kwenye 3. Ukitamka "saa tatu", nusu ya kundi inatazama huku, nusu kule, na ndege ameshaondoka. Achana na saa kabisa. Anzia kwenye kitu kikubwa ambacho kila mtu anakiona, kisha shuka hatua kwa hatua: "Mti wa avoka wenye mashina mawili. Fuata shina la kushoto mpaka linapogawanyika. Hapo shika tawi linaloelekea ziwani. Yuko kwenye ncha, chini ya jani kavu." Sema polepole, kwa sauti ya chini, na usinyooshe mkono: mkono unaoinuka ghafla humfukuza ndege kuliko sauti. Kila aliyemwona aseme "nimemwona". Ambaye hajasema, sogea nyuma ya bega lake, uelekeze upya kutoka macho yake yalipo. "Papa, mti wa avoka unauona?" Akisema ndiyo, endelea na hatua inayofuata.

Darubini nayo inataka dakika kumi kabla ya kuondoka. Ya 8x42 inatosha: 8 ni mara inavyokuza, 42 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Ya 10 inakuza zaidi, lakini inatetemeka mikononi na inaonyesha eneo dogo, kwa hiyo anayeanza anampoteza ndege. Mwambie kila mtu achague kibao chenye maandishi, afumbe jicho la kulia na azungushe gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lisome vizuri. Kisha afumbe la kushoto na azungushe pete ya jicho la kulia peke yake. Mwenye miwani arudishe vikombe vya mpira chini, la sivyo ataona duara dogo lenye giza pembeni. Halafu wafanye zoezi moja tu: macho yabaki juu ya kitu, darubini ndiyo iletwe machoni. Wengi huinamisha kichwa kuitazama darubini, wakiinua hawajui tena ndege alikuwa wapi. Na ikilowa, isifungiwe mfukoni hivyo hivyo. Kwa unyevu wa Bukavu, kuvu huota ndani ya vioo.

Ndege watatu wanakosewa kila mwaka. Wa kwanza ni mbayuwayu. Wa Ulaya, Hirundo rustica, ana koo la rangi ya matofali, na chini yake mshipi mpana mweusi uliokamilika, kisha tumbo jeupe au la krimu. Wa kwetu, aitwaye mbayuwayu wa Angola, Hirundo angolensis, ana wekundu ulioshuka mpaka kifuani, mshipi wake ni mwembamba na umekatika katikati, na tumbo lina kijivu kama shati lililofuliwa kwa maji ya udongo. Subiri ageuke, uangalie mshipi. Mkia peke yake usiuamini. Wa pili ni mkamata nzi wa Ulaya, Muscicapa striata, anayekaa wima kwenye tawi tupu, akichomoka na kurudi mara nyingi pale pale. Ana michirizi kifuani na kwenye paji la uso. Ndugu yake wa hapa, Muscicapa adusta, ni mdogo, mnene wa mwili, na paji lake halina michirizi. Wa tatu ni Phylloscopus trochilus, kijani-njano, asiyetulia. Huyu mtambue kwa sikio: huita "hu-it" akipandisha sauti, na anapokaribia kuondoka huanza kuimba hapa hapa Afrika, wimbo unaoteremka polepole na kufifia mwishoni.

Usiwachezee sauti za kurekodiwa kwenye simu ili wasogee. Ndege hawa wanajaza mafuta mwilini kwa safari. Wengine hukaribia uzito maradufu kabla ya kuvuka Sahara. Kila dakika anayoipoteza akimtafuta mpinzani asiyekuwepo ni chakula alichokosa. Hapa usikubali hata mgeni akisisitiza.

Kabla ya siku yenyewe, pita kwa shefu wa avenue na shefu wa kartie (viongozi wa mtaa), eleza mnakwenda wapi na watu wangapi, na uombe karatasi ya ruhusa. Karibu na Ruzizi kumbuka kwamba mto huo ni mpaka na Rwanda: darubini isielekezwe kamwe kwenye daraja, askari wala kituo chochote. Msituni upande wa Tshivanga, kwenye Hifadhi ya Kahuzi-Biega, hakuna kuingia bila walinzi wa hifadhi, na hali ya usalama iulizwe jioni ya kuamkia safari, siyo wiki moja kabla. Kundi lisizidi watu wanane kwa mwongozaji mmoja, na mtu wa kufunga nyuma awe anajua kwamba kazi yake ni kumngoja anayechelewa, siyo kutafuta ndege.

Mkimaliza, kaeni pamoja muandike mkiwa bado mnakumbuka: tarehe, mahali, saa ya kuanza na kumaliza, hali ya hewa, aina na idadi. Makundi makubwa ya mbayuwayu yahesabu kumi kumi. Asubuhi usiyomwona ndege uliyemzoea, andika hivyo pia, kwa jina lake na sifuri mbele, kwa sababu tarehe ya mwisho ya kuonekana kwake haijulikani mpaka mtu awe amekwenda baada yake na kumkosa.