Nimeacha picha chafu, sasa arosto inanitesa: je, toba yangu imekataliwa?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Nina miaka 27, sijaoa. Tangu sekondari nimetawaliwa na picha chafu na punyeto, hata kazi nimewahi kupoteza. Nimetubu, hii ni wiki ya tatu. Lakini usingizi hauji, nagombana na kila mtu, na juzi nilijiotea mchana nikiwa nimefunga. Nahisi toba yangu haikupokelewa. Wazee wanasema nioe haraka, nitapona.

JIBU: Waalaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh.

Nianze na ndoto, maana naona ndiyo iliyokukata maini. Hukutenda dhambi. Mtume (s.a.w.) amesema kalamu imeinuliwa kwa watu watatu, mmoja wao ni aliyelala mpaka aamke. Saumu yako ni sahihi. Ni kuoga janaba tu na kuswali.

Usingizi na hasira ni jambo jingine. Neno lako, arosto, umeliazima kwa wanaoacha unga, na hukukosea sana. Kwa miaka, kila ulipopata upweke au mawazo ulikimbilia simu. Leo mwili unadai ulichouzoesha. Masharti ya toba ni kuacha, kujuta na kuazimia kutorudia. Kulala vizuri hakumo.

Tazama pombe ilivyoharamishwa kwa hatua katika Qur'ani: kwanza Al-Baqara 219, kisha An-Nisaa 43, mwisho Al-Maida 90. Bibi Aisha (r.a.), katika kitabu cha hadithi cha Bukhari, anasema lau aya ya mwanzo kuteremka ingekuwa "msinywe pombe", watu wangesema hatuiachi kamwe. Sikupi ruhusa ya kupunguza kidogokidogo, haramu ni haramu. Ila ujue Mola wako anaujua uzito wa kuacha.

Tamaa hujaa na kupwa kama maji ya bahari. Yakijaa usibaki kitandani. Tia udhu, toka, kaa na watu hata kama huna la kuzungumza. Simu ilale chumba kingine, au usiku ubaki na kitochi. Funga Jumatatu na Alhamisi, usizidishe ukadhoofika.

Kuhusu ndoa, hadithi ya Ibn Mas'ud inasema kijana mwenye uwezo aoe, na asiyeweza afunge. Wazee wako wana hoja, lakini hiyo haraka siikubali. Wapo waliooa wakiikimbia simu. Baada ya miezi michache mke analala peke yake, mume yuko sebuleni na simu ileile. Binti wa watu si dozi. Tulia kwanza, ndipo upose.

Ukiteleza, rudi siku hiyohiyo. Katika Bukhari na Muslim yumo mja aliyekosa, akatubu, akakosa tena, akatubu tena, na kila mara Allah akamsamehe.

Na nenda kwa mtaalamu wa afya ya akili. Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya magonjwa inayotumika tangu 2022, linahesabu kushindwa kabisa kudhibiti matendo ya ngono kuwa ni maradhi, ingawa kuona aibu ya dhambi peke yake hakumfanyi mtu kuwa mgonjwa. Wewe umefika kupoteza kazi. Fikra za kujidhuru zikikujia, usingoje miadi: mwambie mtu wa karibu na uende hospitali saa hiyohiyo.

Usiogope kwamba kumweleza daktari ni kuitangaza dhambi. Kilichokatazwa ni kujigamba nayo au kuianika bila haja. Mgonjwa anayetafuta tiba hayumo humo.

Wallahu aalam.