Nge mbili, would moja

SWALI: Mwalimu habari, mimi nafanya kwa agroveti huku Nakuru. Wiki iliopita lori la mbolea lilikuja saa kumi na mbili asubuhi na hakuna mtu alikuwa ameniambia, dereva akangoja mpaka akachoka akaenda zake. Meneja akataka nijieleze kwa emaili, nikaandika "If I would have known the lorry was coming, I would have opened early." Akaisoma kwa sauti mbele ya wenzangu akacheka, ati Kiingereza gani hio. Sasa kosa liko wapi, mi naona iko sawa tu? (Dada wa Free Area)

JIBU: Pole dada. Huyo meneja wako angeuliza kwanza nani alifaa kukupigia simu, lakini tuachane na hayo.

Kosa ni hio would ya kwanza, na najua umeitoa wapi, umeitoa kwa Kiswahili. Sisi tukisema "ningejua lori linakuja ningefungua mapema" tunaweka nge huku na nge kule, sentensi inakaa kama mzani. Kiingereza hakina huo mzani, would inakaa upande wa matokeo peke yake, na upande wa if kitenzi kinarudishwa nyuma hatua moja. Kwa hivyo ni "If I had known the lorry was coming, I would have opened early."

Shida ingine ni vile siku hizi nge inafanya kazi zote. Sarufi inasema -ngali- ni ya jambo lililokwisha kupita, lakini huku mtaani nani anasema ningalijua? Ukiniambia "ningekuwa na pikipiki ningekuletea" inaweza kuwa ni leo, inaweza kuwa ni mwaka jana, mimi najijazia tu kulingana na stori. Kiingereza lazima kionyeshe. Basi kabla uandike jiulize, hio nafasi bado iko ama ilishaenda? Lori lilishaenda, kwa hivyo had known na would have opened. Kama ni sasa hivi unatamani tu na pikipiki huna, ni "If I had a motorbike, I would bring it to you", na hio had hapo si ya jana, kazi yake ni kuonyesha jambo si kweli. Na kama linawezekana, ile ki yetu ya "mvua ikinyesha hatutafungua", ni "If it rains, we won't open." Hio will (won't ni will not) iache upande wa pili, usiilete kwa if.

Masikio nayo yanatudanganya. Mtu akiongea haraka anasema "If I'd known, I'd have come", zile d mbili zinasikika sawasawa kumbe ya kwanza ni had na ya pili ni would. Hata Wamarekani wako wanaosema "if I would have known" wakipiga stori, so ukiiskia kwa filamu usishtuke, lakini kwa barua ya ofisi ama kwa KCSE utakatwa maksi.

Kuna moja naipenda sana. Mwalimu wa Kiswahili alikuwa anatukata ukichanganya ngali na nge kwa sentensi moja, ati huwezi sema "ningaliweka akiba ningekuwa na duka". Kiingereza hapo hakina noma kabisa: "If I had saved, I would have a shop now." Jana iko upande huu, leo iko upande ule. Ila usiandike "I would be having a shop", hio be having ya kumiliki kitu tumeizoea Kenya nzima na bado si sawa.

Emaili yako ningeiandika hivi: "Had I been told about the lorry, I would have opened early." If imetoka, had imeruka mbele, na hio been told inamkumbusha polepole kwamba kuna mtu alifaa kukuambia.

SWALI: Mwalimu, nilifika steji ya Kondele nikapata matatu ishatoka. Nikamwandikia kakangu "When I arrived, the matatu left" akasema nimebadilisha maana. Alafu "I didn't went to work" nayo akaikataa. Ananionea? (Msomaji, Kisumu)

JIBU: Hakuonei. Vile umeandika, matatu ilikuwa imekungoja, ikakuona, ndo ikatoka, kama inakuhepa vile. Sema kwanza kwa Kiswahili: nilipofika matatu ilikuwa imetoka. Pale unaposikia "ilikuwa ime" ndo pa kuweka had: "When I arrived, the matatu had left." Lakini ukiendelea na stori, ukachukua boda, rudi kwa kawaida, "so I took a boda", usimwage had kila mahali.

Hio ya didn't went angalia "sikuenda". Jana yote imebebwa na ile "siku-" ya mwanzo wa neno, enda imebaki vile ilivyo, hakuna mtu husema "sikulienda". Didn't ndo "siku-" yao, kwa hivyo go inabaki go.