Maswali na Majibu: Kutoka Sekondari Hadi Timu ya Chuo cha Marekani

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa wanafunzi wanaokimbia au kucheza, na kwa wazazi wao. Wote wanatafuta njia ya kusoma Marekani kupitia michezo. Nimejibu tano.

Niko kidato cha tatu karibu na Iten. Nakimbia mita 3000 za kuruka viunzi na maji. Naambiwa makocha wa Marekani huja wenyewe kututafuta. Ningoje? (Binti wa Elgeyo Marakwet)

Usingoje, mwanangu. Wapo makocha wanaofunga safari hadi Bonde la Ufa, lakini ni wachache, na mara nyingi huja wakiwa tayari na majina mfukoni. Andika wewe. Kwa michezo mingi, kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, humzuia kocha wa Daraja la Kwanza, yaani ngazi ya juu kati ya tatu za michezo ya vyuo, kuzungumza na mwanafunzi kuhusu kujiunga kabla ya Juni 15, baada ya darasa la kumi la Marekani. Kwa hesabu ya 8-4-4, hicho ni kidato cha pili. Kwako mlango umeshafunguka.

Barua pepe iwe fupi, kwa Kiingereza chepesi, na kichwa chake kibebe habari yenyewe: mbio, muda wako bora, nchi, na mwaka unaomaliza shule. Ndani eleza muda huo uliupata wapi na lini, ulipimwa kwa mtambo au kwa saa ya mkononi, na kama uwanja ni wa murram au wa tartani. Usione aibu kusema ulikimbia juu ya mita 2,400 kutoka usawa wa bahari. Kocha wa mbio ndefu anajua mwinuko huo unakula sekunde ngapi. Ongeza tarehe ya kuzaliwa, alama zako za muhula uliopita, na video ya mzunguko wa mwisho, hata ya simu, mradi uonekane unavyoruka dimbwi. Mwandikie kocha msaidizi anayeshughulikia mbio ndefu. Anwani yake huwa kwenye tovuti ya michezo ya chuo.

Wala usiandikie vyuo vyenye majina makubwa peke yake. Doris Lemngole alikimbia mbio zako kwa 8:58.15 mwaka 2025 akiwa Chuo Kikuu cha Alabama, na kila msichana sasa anataka Alabama. Vipo vya Daraja la Pili, vya NAIA, chama kingine cha michezo ya vyuo, na vyuo vya miaka miwili ambavyo wengi huanzia kisha wakahamia vikubwa.

Kuna ajenti mjini anataka shilingi laki mbili na nusu ili mwanangu apate nafasi. Nimeambiwa nafasi zinaisha wiki hii. (Mama, Kapsabet)

Mama, usilipe. Nafasi kwenye timu hutolewa na kocha, na kocha hamuuzii mtu. Gharama halali zipo: ada ya kujisajili NCAA, mitihani ya Kiingereza, ada ya SEVIS, mfumo wa Marekani wa kusajili wanafunzi wa kigeni, ada ya viza, nauli. Zote hulipwa kwa taasisi yenyewe, na kila moja ina risiti yake. Anayekuharakisha amekuonyesha nia yake. Mwombe jina la kocha na la chuo, kisha mwandikie kocha huyo kupitia anwani iliyo kwenye tovuti ya chuo, umuulize kama anamjua mwanao. Swali hilo ni la bure. Uasin Gishu familia nyingi zililipa mamia ya maelfu kwa mpango wa masomo wa Finland na Canada, na vijana wengi hawakusafiri. Inaniuma kuona shamba linauzwa kwa ahadi ya mdomo.

Wanafunzi wangu wana kasi lakini alama ni za wastani. Kasi haitoshi? (Mwalimu wa michezo, Nandi)

Haitoshi, Mwalimu, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Daraja la Kwanza hutaka masomo ya msingi 16 (Kiingereza, hisabati, sayansi na kadhalika, kila somo la mwaka mzima likihesabiwa moja) na wastani usiopungua 2.3 kwa kipimo chao cha 4. Daraja la Pili ni 2.2. NCAA wenyewe ndio wanaobadilisha alama zetu kwenda kipimo hicho, na huomba matokeo ya kila mwaka wa sekondari pamoja na cheti cha KCSE. Tangu 2023 hawadai tena SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, ingawa chuo chenyewe chaweza kuutaka. Nakuomba jambo moja: hifadhi nakala za ripoti za kila muhula tangu kidato cha kwanza. Kumsaka karani wa shule miaka minne baadaye ni kazi ngumu.

Kocha ameniahidi ufadhili. Ni kamili? (Kijana, Singida)

Muulize kwa maandishi: ada, chakula, malazi, vitabu na bima ya afya, kipi kinalipwa na kipi kinabaki kwako kwa mwaka? Katika riadha ufadhili umezoeleka kugawanywa. Kwa miaka mingi timu ya wanaume ya Daraja la Kwanza ilikuwa na ufadhili kamili 12.6 tu wa kugawana wakimbiaji wote, kwa riadha na mbio za nyika pamoja. Tangu msimu wa 2025-26, vyuo vilivyojiunga na utaratibu mpya wa kuruhusu wanamichezo walipwe na chuo havina tena ukomo huo, ila vina ukomo wa wachezaji: mbio za nyika ni 17. Daraja la Tatu halitoi kabisa ufadhili wa michezo. Viza pia haitapatikana bila kuonyesha nani atalipa salio. Na kama umemaliza shule, usikae ukikimbia mbio za barabarani za zawadi bila kuuliza NCAA kwanza: mwaka mmoja ukipita, mashindano yanaweza kukupunguzia misimu unayoruhusiwa kushindana chuoni.

Nacheza mpira wa kikapu Dar. Nina nafasi? (Mwanafunzi, Temeke)

Unayo. Hasheem Thabeet alitoka Dar hiyohiyo, akachezea Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili NBA. Mpira wa kikapu hauna saa ya kukusemea, kwa hiyo video ndiyo barua yako. Weka dakika tatu za matukio bora, kisha mechi moja nzima bila kukata. Jioneshe kwa duara au mshale kabla ya kila tukio, maana kocha hajui jezi yako, na taja urefu wako halisi bila viatu.