Jaribio la kerneli likipita, uliza kama linaweza kufeli

Vijana wengi wanaoanza kupitia msimbo wa wenzao hukimbilia yanayoonekana haraka: nafasi mwanzoni mwa mstari, jina la kigeu, herufi iliyoruka kwenye maelezo. Si vibaya, ila `checkpatch.pl`, skripti ya mradi inayokagua mtindo wa msimbo, huyaona hayo bila kuchoka wala kunung'unika. Kwa majaribio ya ufuatiliaji wa kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo, mimi huanza na swali moja tu: kerneli ikiharibika leo, jaribio hili litapiga kelele?

Kwa asiyeijua sehemu hii, ftrace ni mtambo ulio ndani ya kerneli yenyewe unaorekodi funksheni zinavyoitana. Uliingia katika Linux 2.6.27 mwaka 2008, na jina linalohusishwa nao zaidi ni Steven Rostedt. Unauendesha kwa kuandika na kusoma mafaili yaliyo chini ya `/sys/kernel/tracing`. Majaribio yake yamo katika `tools/testing/selftests/ftrace`, na huendeshwa na skripti iitwayo `ftracetest`, ambayo Masami Hiramatsu aliiandika mwaka 2014. Kila jaribio ni faili fupi ya sheli (lugha ya amri za Linux) yenye mwisho wa `.tc`. Kwa kuwa ni sheli, watu huidharau. Mtu anayechambua C kwa saa nzima atapitisha faili ya `.tc` huku akinywa chai.

Kijana mmoja wa hapa Kisumu, ambaye huwa tunakutana naye Jumamosi pamoja na wenzake wa Maseno na Kakamega, aliniletea jaribio la kuhakikisha kwamba funksheni iliyowekwa kwenye `set_ftrace_notrace` kweli hairekodiwi. "Kaka, imepita. Nipe jina lako nitume." Kiini chake kilikuwa hivi:

```
echo vfs_read > set_ftrace_notrace
echo function > current_tracer
cat /proc/version > /dev/null
! grep -q vfs_read trace
echo 0 > tracing_on
```

Ukiisoma kwa haraka inaeleweka vizuri: zuia `vfs_read`, washa ufuatiliaji, soma faili, hakikisha jina halimo. Nilimwambia afute mstari wa kwanza, ule unaozuia, kisha aendeshe tena. Bila mstari huo `vfs_read` lazima irekodiwe, kwa hiyo jaribio lilipaswa kuanguka. Akaendesha. `PASS`. Akanitazama, akaitazama skrini, akaendesha tena.

Kosa la kwanza liko kwenye ile alama ya mshangao, inayogeuza jibu la `grep` (amri ya kutafuta neno ndani ya faili). `ftracetest` huwasha `set -e` kabla ya kuingia kwenye jaribio, ili amri yoyote ikishindwa jaribio lisimame hapo hapo. Lakini kwa kanuni za POSIX, kiwango ambacho sheli hufuata, amri iliyotanguliwa na `!` haihesabiwi na `set -e`. Ishinde, ishindwe, sheli inaendelea na safari yake. Mstari wa mwisho ukifaulu, na kuandika `0` kwenye faili hufaulu karibu kila mara, jaribio zima linahesabiwa limepita. Ule mstari ulikuwa pambo.

La pili limejificha nyuma ya la kwanza. Rekodi ya funksheni huandikwa pamoja na aliyeiita, kwa mfano `rw_verify_area <-vfs_read`. Kuizuia `vfs_read` kunaiondoa upande wa kushoto tu; upande wa kulia itaendelea kutajwa kila inapoita wengine. Kwa hiyo kama ungerekebisha `!` peke yake, jaribio lingeanza kufeli kwenye kerneli nzima isiyo na tatizo lolote, na mtu angetumia usiku wake kutafuta hitilafu ambayo haipo.

La tatu ni kwamba `grep` inasoma rekodi wakati ufuatiliaji bado unaendelea, na `grep` nayo ni programu inayosoma mafaili. Inajirekodi. Isitoshe, ukifuatilia funksheni zote bila kichujio, bafa (hifadhi ya muda ya rekodi) hujaa mara moja na rekodi za zamani hufutwa na mpya, kwa hiyo ulichokuwa unakitafuta huenda kimeshafunikwa na kelele. Zima kwanza, ndipo usome.

La nne ndilo ninalokutana nalo zaidi: rekodi tupu nayo ingepita. Kama kifuatiliaji hakikuwaka kabisa, `vfs_read` haitakuwepo, na sote tutashangilia. Jaribio la kusema "kitu fulani hakipo" lazima liambatane na ushahidi kwamba vingine vipo. Tulimalizia hivi:

```
echo 0 > tracing_on
grep -q ': vfs_write <-' trace
if grep -q ': vfs_read <-' trace; then
    exit_fail
fi
```

Amri ya kuzima yenyewe ni uandishi kwenye faili, kwa hiyo inaacha alama ya `vfs_write` kabla pazia halijashuka. Nilipenda hilo, na wazo lilikuwa lake, si langu.

Kufuta mstari mmoja ni njia rahisi ya kulipima jaribio, na haihitaji kujenga kerneli. Jaribio likija pamoja na kiraka cha kurekebisha hitilafu, hapo hakuna mkato: ondoa kiraka, jenga, endesha, uone likifeli, kirudishe, jenga, uone likipita. Wengi hufanya nusu ya pili tu. Najua kujenga kerneli kwenye laptopu ya mtumba si mchezo, na hapa kwetu stima hukatika bila kuaga. Tumia `make localmodconfig` ili ujenge moduli ambazo mashine yako inazitumia tu, kisha uiwashe kerneli hiyo ndani ya QEMU, yaani mashine ya kuigiza, kwa zana ya `vng`. Usiendeshe majaribio haya kwenye mashine unayoitegemea kwa kazi ya mteja. Yanahitaji mamlaka ya mtumiaji mkuu, na kusudi lake hasa ni kuichokoza kerneli.

Majina ya funksheni nayo yanadanganya. Funksheni ya kuzaa mchakato mpya iliitwa `do_fork`, ikawa `_do_fork`, na tangu Linux 5.10 ni `kernel_clone`. Majaribio yaliyoshikilia jina la zamani yaliachwa njiani, ndiyo maana siku hizi mengi hutumia kigeu `$FUNCTION_FORK`. Ukiona jina la funksheni limeandikwa moja kwa moja, muulize mwandishi amelichagua kwa sababu gani, na kama ni `static`, yaani ya kutumika ndani ya faili yake tu, muulize ana uhakika gani kwamba kikusanyaji (programu inayogeuza C kuwa lugha ya mashine) hakitaimeza ndani ya nyingine.

Angalia pia mstari wa `# requires:` ulio juu ya faili. Jaribio letu lilihitaji `set_ftrace_notrace function:tracer`, na mwandishi hakuandika kitu. Kerneli isiyo na uwezo huo ingetoa `FAIL` badala ya `UNSUPPORTED`, na mtu wa mbali mwenye kifaa kidogo angedhani kimevunjika. Kuna hatari ya upande wa pili pia: orodha ya mahitaji ikizidi, jaribio litarukwa kila mahali na hakuna atakayejua. Mtu akikuletea muhtasari usio na `FAIL` hata moja, mwombe mstari wa `UNSUPPORTED` kabla hujampongeza.

Kuhusu `sleep 1` sina subira. Kwenye mashine yenye kasi ni sekunde inayopotea bure. Kwenye kifaa kizito haitoshi, na jaribio linafeli leo na kupita kesho. Mwombe mwandishi angoje tukio lenyewe, kwa kuangalia mara kwa mara hadi lionekane au muda wa juu uishe. Na `[[` au `==`, ambavyo ni vya sheli ya bash, visikupite. Kwenye Debian na Ubuntu `sh` ni dash, sheli nyingine nyepesi, na vifaa vingi vidogo vina busybox tu, furushi dogo la amri. Zana ya `checkbashisms` itakuonyesha.

Mwisho kuna suala la jina. `Reviewed-by`, mstari unaobeba jina la aliyepitia kiraka, kwenye kerneli si salamu. Nyaraka za mradi zinaeleza kwamba ukiiweka unatamka kuwa umekichunguza kiraka na unaona kinafaa kuingizwa. Kuitoa kwa sababu mwandishi ni rafiki ni kama chifu kupiga muhuri barua ambayo hajaisoma. Kama uliendesha tu na ikafanya kazi, ipo `Tested-by`, na haina aibu yoyote. Kama ulisoma sehemu ya sheli lakini hukuelewa ya C, sema hivyo hivyo kwenye jibu lako, kisha taja kerneli uliyotumia na ulichokifuta ili kuona jaribio likifeli. Mtunzaji wa sehemu hiyo hakujui, hajawahi kusikia Kondele ya hapa Kisumu wala Maseno. Aya hiyo moja inamwambia ni kwa kiasi gani akutegemee.