Kwanini Mtemi hakupandishwa tena

Mbukwa mama. Meseji yako niliiona jana usiku nikasema hii siijibu juu juu, ngoja nikae nimwandikie mtoto vizuri. Umeuliza kwanini yule mbwa wetu dume, Mtemi, sikumpandisha tena kwa majike wakati ndiye aliyetuletea utepe wa ushindi kutoka mashindano ya mbwa Nairobi na watu walikuwa wanakuja getini na hela mkononi, tena mwaka ule ule ada yako ya chuo ilikuwa inatutoa jasho. Na sasa mwenzako wa kazini hapo Mwanza ana jike la rijibeki, hawa mbwa wenye mstari wa manyoya mgongoni, anataka dume toka kwangu.

Kwanza Mtemi alikuwa mzuri, hilo sitalipinga mpaka nakufa. Dume la rijibeki linatakiwa liwe na sentimita 63 mpaka 69 begani, na ule mstari wa manyoya yaliyolala kinyume uanzie nyuma tu ya mabega ushuke mpaka usawa wa nyonga huku unazidi kuwa mwembamba, na kule juu kuwe na vizunguko viwili vya manyoya vinavyotazamana, siyo kimoja wala vitatu. Vya Mtemi ungesema fundi alivipima na rula. Tulimpeleka kwa pikapu kupitia Kondoa, Babati, Arusha, tukavuka Namanga na cheti cha chanjo ya kichaa na kibali cha mifugo mfukoni, mbwa nyuma kalalia gunia nililokuwa nalilowesha kila tukisimama maana lile joto unalijua. Jaji alimpapasa mgongo kwa kiganja taratibu, akaniambia nimtembeze tena peke yake, na hapo nikajua tayari.

Lakini jaji anaona mbwa aliyesimama mbele yake tu. Damu yake haioni, na hana namna ya kuiona.

Hili nilifundishwa na babu yako kabla sijawahi kumshika rijibeki hata mmoja. Si unajua alikuwa mhudumu wa ng'ombe pale kituo cha utafiti Mpwapwa, walipokuwa wanatengeneza ng'ombe wa Mpwapwa kwa kuchanganya Sahiwal na Sindhi wa kule Asia na zebu wetu hawa wa nyumbani. Kila ndama alikuwa na namba sikioni na jina la baba na mama kwenye daftari, na babu yako alikuwa anasema wageni wakija wanalisifia dume kubwa lenye nundu, wenyewe wa kituo wanafungua daftari kuangalia mabinti zake wanatoa maziwa kiasi gani na ndama wangapi wamekufa. Dume linaweza kupendeza na bado likaondolewa zizini, hakuna anayelionea, limepimwa kwa watoto wake basi.

Sasa Mtemi. Uzao wake wa kwanza ulikuwa na yule jike wetu mwekundu, Zawadi, wewe ulikuwa bweni. Watoto walizaliwa usiku, asubuhi nikaanza kuwakagua mmoja mmoja kama ninavyofanya siku zote: unamshika mtoto kwenye kiganja, unainua ngozi ya shingo kwa vidole viwili unaivuta juu, unaisugua kidogo, unashuka hivyo hivyo mpaka mkiani. Ngozi nzuri inateleza yote kati ya vidole. Kwa watatu kati yao kulikuwa na kitu chembamba kama uzi kimeshikilia ngozi kwa ndani, ukivuta ngozi inabonyea palepale. Hiyo inaitwa dermoidi sainasi, ni kijishimo cha ngozi kinachoingia chini kuelekea uti wa mgongo, baadae kinajaa uchafu na manyoya kinatoa usaha, na kikiwa kirefu kikafika mpaka kwenye uti wenyewe mbwa anaumia vibaya sana. Wawili daktari aliwafanyia upasuaji wakapona, wa tatu chake kilikuwa kimeenda chini mno, ikabidi daktari amlaze moja kwa moja asiteseke.

Nikasema labda ni Zawadi. Nikampandisha Mtemi kwa jike la watu lenye damu ya mbali kabisa, uzi ukaonekana tena. Nikampigia aliyeniuzia kule Kenya, akakiri kwamba hata mjomba wake Mtemi alikuwa anatoa hivyo hivyo. Basi nikaita daktari akamhasi, na hilo ndo jibu lako mama.

Ujue ule mstari wenyewe ndo unakuja na hii shida. Mwaka 2007 watafiti wa Sweden walionyesha kwamba mbwa aliyerithi mstari pande zote mbili, kwa baba na kwa mama, ndiye aliye kwenye hatari zaidi, na aliyeurithi upande mmoja bado mstari anao ila hatari imepungua. Wawili wa upande mmoja wakikutana wanaweza kuzaa mtoto asiye na mstari kabisa, na wafugaji wa zamani walikuwa wanawaua wale watoto siku ileile eti wanaharibu jina. Mimi hilo sijalikubali hata siku moja, ni ukatili, mtoto mzima hana ugonjwa wowote unamuua kisa manyoya! Wangu wa hivyo huwa nawapa wafugaji kule Hombolo na Mpunguzi, na wanalinda ng'ombe vizuri tu.

Na mtu akikwambia huyu ni mbwa wa kizungu usinyamaze. Mstari ni wa Afrika, Wakhoikhoi kule Rasi, Afrika Kusini, walikuwa na mbwa wenye mstari kabla walowezi hawajaleta wa kwao wakachanganyika. Mwindaji van Rooyen akawatumia kuwindia simba, siyo kumuua, ni kumzuia asiondoke mpaka mtu wa bunduki afike, alafu mwaka 1922 kule Bulawayo, Zimbabwe ya leo, wafugaji wakakaa na mwenzao Barnes wakaandika sifa za mbwa huyu, nyingi waliazima kwenye sifa za dalmashiani, wale mbwa weupe wenye madoa. Watu wametunza damu hii muda mrefu namna hiyo, mimi ni nani niimwagie ugonjwa kwa sababu ya mwaka mmoja wa ada?

Hela ilikuwa nyingi, sikufichi. Serikali ilipohamia huku Dodoma baada ya 2016 watu wakajenga Iyumbu, Njedengwa, kila mwenye geti anataka mbwa mkubwa, na wengi hawakutaka hata kusikia habari ya watoto wagonjwa, walitaka picha ya Mtemi na ule utepe tu. Mmoja alinambia mzee we pandisha, wakiumwa ni juu yangu. Hapana, siyo juu yake, atakayeumwa ni mbwa. Ada yako ikatoka kwenye zabibu na zile ng'ombe mbili za mama yako, ulimaliza chuo, na Mtemi aliendelea kula dona na utumbo wa machinjio ya Kizota mpaka uzee.

Sasa huyo mwenzako. Mwambie jike lisipandwe kabla halijafika miaka miwili, apigwe eksirei ya nyonga, chanjo ziwe kamili, na anitumie cheti cha ukoo chenye mama na bibi pande zote. Muulize pia, na umuulize uso kwa uso siyo kwa simu, kama kwenye uzao wa mama yake au wa dada zake kuna mtoto aliwahi kutoka na huo uzi. Akisema hajui, aende akaulize alikomnunua. Akisema hayo makaratasi ya nini dume si lipo, msalimie sana, mwambie dume langu halitoki Dodoma.

Baba yako