Mama, ule apranti wa kushona
Mama, kwa ile ya kutafuta apranti, mwenye kujifunza kazi, wa atelye yako hapa Goma, usichukue tu mutoto wa jirani juu bazazi bake banakusumbua, uliza kwanza pale INPP, ile fasi ya serikali ya kufundisha kazi, batoto bengi benye kumaliza formasio banatafuta fasi ya kujizoeza. Akikuya, mupe kitambaa akunje pindo, utaona kama mukono wake uko na subira. Kisha mufanye kontra ya maandishi, Kodi ya Kazi, ile sheria ya kazi ya Congo ya 2002, njo inaomba hivyo, muandike muda, masaa, franka ya transporti, na nani atalipa sindano ikivunjika. Kama hajafika myaka 18 muzazi atie sinyatiri. Na tafazali mama, kufagia na kuchota maji siyo kufundishwa, kila siku akae kwenye mashini!