Nafasi tupu si sifuri: ninavyosoma karatasi za kikapu cha zamani

Mpwa wangu yuko kidato cha tatu na mpira wa kikapu umemkaa kichwani. Mwezi uliopita aliniletea daftari alilochora jedwali la wachezaji wakubwa wa Marekani, wa kale na wa sasa, kila mmoja na pointi, ribaundi (mipira aliyoidaka baada ya mtupo kukosa), asisti (pasi zilizozaa kikapu) na bloku (mitupo ya wapinzani aliyoizuia). Kwa George Mikan, kwenye bloku, kaandika 0. Kwa Bill Russell, 0.

"Mjomba, kumbe hawa wazee walikuwa hawazuii?"

Nilicheka, ila kicheko hakikufika mbali, maana kosa hilo niliwahi kulifanya mimi mwenyewe, tena kwa mtu aliye hai. Nilikuwa karani wa meza kwenye ligi ya mtaani kwetu Dar es Salaam. Karatasi yetu ilikuwa na jina, namba ya jezi, pointi na faulo, basi. Msimu ulipokwisha tukaombwa takwimu ili ichaguliwe timu ya kombaini. Nikahamishia kila kitu kwenye kompyuta, na safu nilizokosa cha kuweka nikazijaza sifuri ili jedwali lipendeze. Kulikuwa na kijana mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kupokonya mipira. Kufunga, alifunga mbili, nne, akizidisha sita. Kwenye jedwali langu akaonekana hajapokonya hata mmoja. Akaachwa. Mpaka leo tukikutana kituoni ananiamkia, "Shikamoo, karani wa sifuri."

Kwa hiyo kabla hujauliza mchezaji alifanya nini, uliza karani aliagizwa ahesabu nini. Ligi kuu ya kikapu ya Marekani, tunayoiita NBA, ilianza mwaka 1946 kwa jina la BAA, ikabadili jina mwaka 1949 ilipoungana na ligi pinzani ya NBL. Mwanzoni waliandika vikapu, mitupo huru (ile ya adhabu, pointi moja kila mmoja), asisti, faulo na pointi. Ribaundi ziliingia msimu wa 1950–51, dakika za kucheza msimu uliofuata. Bloku na mipira iliyopokonywa zikasubiri hadi 1973–74. Russell alikuwa ameshastaafu tangu 1969, na hakuna aliyemhesabia bloku zake rasmi. Mtu kama Hasheem Thabeet wetu, aliyechaguliwa wa pili timu za NBA zilipogawana wachezaji wapya mwaka 2009, kwa sifa kubwa ya kuzuia, angecheza zama za Mikan nusu ya kazi yake isingeacha hata alama ya kalamu.

Chukua mechi ya kwanza kabisa ya ligi hiyo, tarehe 1 Novemba 1946, pale Maple Leaf Gardens, Toronto. New York Knickerbockers waliwafunga Toronto Huskies 68–66. Ossie Schectman wa New York alifunga kikapu cha kwanza, na Ed Sadowski wa Toronto akaongoza wote kwa pointi 18. Ukiisoma haraka utasema: 18 tu? Lakini Sadowski alijaza faulo akatolewa mapema baada ya mapumziko. Safu ya dakika haikuwepo, kwa hiyo karatasi inamweka sawa na mtu aliyecheza hadi filimbi ya mwisho. Ndiyo maana mimi takwimu za mechi nazisoma nikiwa na maelezo ya mechi pembeni, hata kama ni aya mbili za gazeti.

Ninayoipenda zaidi ni ile ya tarehe 22 Novemba 1950, Minneapolis. Fort Wayne Pistons waliwapiga Lakers 19–18. Si robo, ni mechi nzima! Robo ya nne peke yake ilikwisha 3–1. Mikan alifunga pointi 15 kati ya 18 za timu yake, na vikapu vyote vinne vya Lakers ni vyake. Wenzake wote kwa pamoja walipata mitupo huru mitatu. Mtu asiyejua akiitazama karatasi hiyo atadhani waliocheza walikuwa walevi. Sivyo. Hakukuwa na saa ya kulazimisha kurusha, na Pistons walijua wakikimbizana na Mikan wamekwisha. Wakaukalia mpira. Watazamaji wakazomea, wao wakaendelea kuushika, hadi Larry Foust wa Pistons akafunga kikapu cha ushindi mwishoni. Saa ya sekunde 24 ilikuja mwaka 1954. Danny Biasone, mwenye timu ya Syracuse, alipiga hesabu kwamba mechi nzuri huwa na mitupo kama 120 kwa timu zote mbili. Mechi ya NBA ina dakika 48, yaani sekunde 2,880, gawanya, unapata 24. Kwa hiyo pointi za kabla ya 1954 usiziweke kwenye mzani mmoja na za sasa bila kujua mpira ulichezwa kwa mwendo gani.

Jambo jingine ninalolifanya kila mara, na halihitaji intaneti: jumlisha mwenyewe. Kabla ya msimu wa 1979–80 NBA haikuwa na mtupo wa pointi tatu, kwa hiyo hesabu ni nyepesi: vikapu mara mbili, ongeza mitupo huru. Mikan usiku ule: vikapu 4, mitupo huru 7, jumla 15. Mchezaji mwingine wa NBA, Wilt Chamberlain, pale mjini Hershey, Marekani, tarehe 2 Machi 1962: vikapu 36, mitupo huru 28, ni 100 kamili. Nimeshaona picha zinazosambazwa kwenye simu za watu ambazo hesabu yake haifiki popote. Ikigoma kujumlika, mimi siitumi kwa mtu.

Na kama wewe ndiye unayekaa mezani, wachezaji wakiwa wengi na wewe uko peke yako, usijaribu kuandika yote. Mimi nilijaribu, nikiandika asisti, ribaundi imeshapita. Chagua vitu vitatu, uviandike kwa uhakika, na juu ya karatasi useme wazi ni vitu gani hukuvihesabu. Nilichelewa kulijua hilo kwa msimu mmoja.

Mpwa wangu alinipigia juzi Jumapili. Amefuta.

"Mjomba, Russell nimemwekea kistari. Mikan pia. Sasa mwalimu wa michezo ananiuliza kistari ni ngapi."